Chenji ya mia tatu: mwongozo wa kumlea mtoto awe na utu, toka anatambaa mpaka anamaliza fomu foo

Kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka 6, enzi hizo tunakaa Pasua hapa Moshi, nikamtuma dukani kwa Mangi akaniletee sukari robo na kiberiti. Chenji ilitakiwa irudi mia saba, ikarudi mia nne, na mdomo mwekundu pyuu wa ubuyu. Namuuliza hela nyingine iko wapi anasema hajui, basi nikachuma fimbo ya mpera nikamchapa haswa, maana na mimi nililelewa hivyohivyo na nikajua nisipomkomesha leo kesho ataiba kwa watu. Wiki haikuisha nikamtuma tena. Safari hii karudi mdomo msafi, umeoshwa, mikono ina tope mpaka kwenye viwiko, analia, mama mia tatu imedondokea mtaroni nimeitafuta sana sijaiona. Nikaanza kumwonea huruma kabisa, namvua kaptula nimwogeshe nakuta mbegu mbili za ubuyu zimeganda mfukoni.

Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo. Mtoto wa miaka 6 kaingiza mikono kwenye mtaro wa maji machafu makusudi, ili apate tope la kuja kunionyesha. Ile fimbo haikumfundisha kuacha hela ya watu, ilimfundisha kuosha mdomo.

Mimi ni mwalimu wa awali, mwaka wa 14 huu, chuoni tulikariri akina Piaget na Kohlberg, wanasaikolojia wa makuzi ya watoto, na ngazi zao kwa ajili ya mtihani halafu tukasahau, nimekuja kuwaelewa nikiwa na watoto wangu watatu ndani. Naandika kwa umri, we angalia wa kwako yuko wapi, lakini usiruke za nyuma maana mtoto wa miaka 13 mwenye shida mara nyingi kuna kitu cha umri wa miaka 5 hakikukaa sawa na bado unaweza kukirudia.

Hatua ya 1: mpaka miaka 3, mwache asaidie

Watu wengi tunadhani mtoto anazaliwa mchoyo, sisi ndio tunamwekea wema. Mwaka 2006 watafiti wawili waliokuwa wanafanya kazi Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walitoa matokeo ya jaribio zuri sana na jepesi. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii. Watoto wa mwaka mmoja na nusu, ambao hata maneno bado machache, wengi wao waliinuka wakaenda kuokota wakampa, bila kutumwa, bila kuahidiwa pipi. Ila yule mtu akikitupa kibanio chini makusudi, hawahangaiki. Yaani kaumri hako kanajua kutofautisha mwenye shida na asiye na shida.

Sasa angalia sisi tunafanya nini. Unachambua maharage, mtoto anakuja na vidole vyake anataka kuchambua, unamwambia toka hapa utamwaga. Unafagia anashika ufagio unamnyang'anya. Ukimfukuza hivyo miaka mitatu, akifika miaka 9 unamwita aje asaidie unashangaa mbona mvivu. Mwache. Mpe vijiko apeleke kwa bibi, mpe nguo ndogo aziweke kwenye beseni, kazi itachelewa na sawa tu. Na usimlipe. Hao hao watafiti miaka miwili baadaye waliona watoto waliokuwa wanapewa zawadi kila wakisaidia, zawadi ilipoondolewa walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Asante inatosha, tena useme imekusaidia nini: "asante, sasa mama ataanika haraka twende kwa bibi."

Akimuuma mwenzie au kumpiga, usimuume na wewe ili aone uchungu, nimeona wamama wanafanya hivyo na anachojifunza mtoto ni kwamba mkubwa anaruhusiwa kuuma. Mshike mikono, muonyeshe uso wa mwenzie, sema kwa kifupi "ona analia, meno yanauma," halafu waende wote wawili wakaoshe pale palipoumwa. Kugawana midoli kwa lazima bado mapema, we mfundishe neno zamu tu.

Hatua ya 2: miaka 3 mpaka 6, uongo wa kwanza na vikombe vilivyovunjika

Karibu na miaka 4 mtoto anagundua kitu kikubwa, kwamba kilichopo kichwani kwangu mama hakioni. Hapo ndio uongo unakolea. Kwa hiyo uongo wa kwanza sio kwamba kashaharibika, akili ndio inafunguka hivyo, usipaniki. Kinachofuata kinategemea unaupokeaje.

Kuna jaribio la watafiti Victoria Talwar na Kang Lee lililotoka 2011, walienda Afrika Magharibi kwenye shule mbili za watoto wadogo wa miaka 3 na 4, moja inachapa viboko, nyingine haichapi. Mtoto anaachwa chumbani na mdoli nyuma yake, anaambiwa usigeuke kuangalia. Wengi waligeuka, shule zote mbili, ni watoto. Ila walipoulizwa, wale wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na walidanganya kwa ustadi, uongo wao hauna tundu. Niliposoma hiyo habari nililia kidogo maana nilikuwa nayaona yale matope.

Sasa nikupe ninavyofanya siku hizi chenji ikipungua, kwa mpangilio, maana hapa ndio penyewe.

Kwanza siulizi kitu ninachokijua. Ukiona mdomo una ubuyu halafu unauliza "umenunua ubuyu?" unamwita aseme uongo. Mimi nasema ninachokiona: "naona umekula ubuyu na chenji imepungua mia tatu." Basi. Nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuchapa, lakini dakika moja tu mtoto anaanza kuongea mwenyewe.

Pili namwambia nani kaumia na kaumia vipi, kitu anachoweza kukiona. Usimpe hotuba ya shetani na jela. "Ile mia tatu ilikuwa ya nyanya, leo baba atakula ugali na mboga isiyoungwa." Kama kweli ilikuwa ya nyanya basi kweli mboga isiungwe siku hiyo, usimfiche matokeo.

Tatu analipa. Miaka 5 hana hela, ana mikono, atachota maji ya kuku siku tatu, na kila siku namkumbusha hii ni ya ile mia tatu. Akimaliza imeisha, wala simtajii tena mbele ya shangazi zake. Aibu ya mbele za watu inamfanya mtoto awachukie mashahidi, kosa lenyewe analisahau.

Nne, na hili wengi wanaliacha, kesho yake namtuma tena kwa hela. Ndiyo, kesho yake. Ukimwambia "wewe sikutumi tena mwizi mkubwa" umeshampa jina na atalifanyia kazi. Kijana wangu nilimtuma na elfu moja nzima siku iliyofuata na mapigo ya moyo yalikuwa mbio, alirudi anakimbia, hela ameifumbata mpaka imelowa jasho.

Halafu kuna suala la makusudi na bahati mbaya. Jean Piaget, yule Mswisi, kwenye kazi yake ya 1932 aliwasimulia watoto habari ya vijana wawili. Mmoja anafungua mlango kwenda kula, hajui nyuma yake kuna vikombe 15, vinavunjika vyote. Wa pili anapanda kudokoa jamu mama yake hayupo, anavunja kikombe kimoja. Nani mbaya zaidi? Wadogo walisema wa kwanza, maana vikombe 15 ni vingi. Wakubwa kidogo wakaanza kuangalia nia. Sasa sisi watu wazima nyumbani tunahukumu kama wale wadogo kabisa, mtoto kaangusha chupa ya chai bahati mbaya anakula kibao, kadokoa nyama kimyakimya hakuna aliyeona, anaachwa. Chai ikimwagika kwa bahati mbaya mpe kitambaa afute na maisha yaendelee. Hasira zako ziweke akiba kwa ya makusudi.

Hatua ya 3: miaka 7 mpaka 11, gololi, zamu ya maji na macho yao kwetu

Huyo huyo Piaget alikuwa anachuchumaa na watoto wa Uswisi wakicheza gololi, anawauliza hizi sheria katunga nani, zinaweza kubadilishwa? Wadogo walisema haziguswi, zimetoka kwa wakubwa, wengine mpaka kwa Mungu. Wa miaka 10 na kuendelea walisema ni makubaliano, wote tukikubali tunabadilisha. Nenda leo jioni uwanja wowote Majengo au Soweto hapa Moshi utayasikia hayo hayo kwa Kiswahili, nusu saa ya mchezo, dakika 20 ni ugomvi wa nani kadhulumu. Usikimbilie kuwaamulia. Ule ugomvi ni darasa, wanajifunza kudai haki bila kumpoteza rafiki, na hakuna mzazi anayeweza kufundisha hilo sebuleni. Ingilia kama kuna mawe au kama mmoja anaonewa kila siku. Vinginevyo waache wagombane wapatane, na kama mtoto wako ratiba yake ni shule, tuition, homework, kulala, mtafutie huo muda wa gololi na kombolela, nakuambia kama mwalimu.

Umri huu neno kubwa ni haki. Mbona yeye kapewa kubwa, mbona mimi nimeosha jana. Wape kazi za zamu na wazipange wao, karatasi ibandikwe jikoni. Na kama mna nyumbani kwa wazee mlimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, popote mfongo, ule mfereji wa asili wa maji ya mashamba, bado unatiririka, wapeleke wakaone maji yanavyogawanywa. Mimi wangu niliwapeleka kwa babu yao likizo ya Disemba, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfongo, wakashika majembe na wao. Babu akawaonyesha: zamu yetu ni hii, jirani wa chini zamu yake ile, asiyekuja kuzibua anatozwa. Wa kati, enzi hizo ana miaka 8, akauliza "na babu usiku si unaweza kufungulia tu hakuna anayeona?" Babu yake akamwonyesha migomba ya jirani pale chini, majani yameanza kujikunja kwa jua, akasema "yule bibi akiamka asubuhi ataona migomba yake." Hakuongeza neno. Mtoto aliuliza habari za yule bibi wa chini wiki nzima.

Majirani zetu Waislamu wanalo hili kwenye Ramadhani na nalipenda sana, mtoto wa miaka 8 anafunga nusu siku, yuko shuleni, bomba liko pale, hakuna anayemwona, na anaacha. Sio lazima iwe dini moja, kila nyumba itafute kitu kimoja kidogo ambacho mtoto anakishika akiwa peke yake.

Sasa sehemu ngumu, inatuhusu sisi. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimtandika mdoli mkubwa wa plastiki kwa ngumi na nyundo, halafu wakaachwa na ule mdoli. Walifanya vilevile, mpaka maneno waliyarudia. Kwa hiyo jiulize mtoto wako anaona nini.

Anaona unavyoongea na dada wa kazi. Hili ndilo la kwanza, nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona darasani, kuna watoto wa miaka 5 wanamwamrisha mtu mzima anayefanya usafi shuleni kama mbwa, na ukikutana na mzazi wao anaongea vizuri mno, shikamoo mwalimu, marahaba. Mtoto kajifunza kwamba heshima ni ya wenye cheo. Dada ale mezani chakula kilekile, mtoto amwamkie, aoshe chupi zake mwenyewe akishafika miaka 7, na akimtukana dada amwombe radhi macho kwa macho.

Anasikia pia "mwambie mama hayupo" mtu wa vikoba akigonga. Anasikia kwenye daladala unamwambia konda huyu hajaanza shule, na yeye yuko la pili, amevaa yunifomu. Hiyo mia mbili uliyookoa ni ghali sana. Ukishindwa marejesho mwambie mtu wa vikoba mbele ya mtoto kwamba leo sina, Ijumaa nitaleta. Kumwona mama akisema ukweli unaomwaibisha kidogo kunamkaa mtoto miaka mingi.

Na ukikosea wewe, omba msamaha. Mimi nilimwomba kijana wangu radhi kwa ile fimbo ya kwanza alipokuwa na miaka 9. Aliniangalia tu akasema sawa mama. Lakini miezi michache mbele alivunja kioo cha jirani kwa mpira akaja kuniambia yeye kabla ya jirani.

Sheria yetu yenyewe inajua kwamba akili ya wema na ubaya inakua kidogokidogo, kwenye Kanuni ya Adhabu mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai, na wa chini ya 12 mpaka ithibitike alikuwa anaelewa kwamba anachofanya ni kosa. Nyumbani tusiwe wakali kuliko mahakama.

Hatua ya 4: miaka 12 mpaka 18, maneno yanabadilika, wewe ubadilike

Hapa wazazi wengi tunaachia usukani au tunaukaba. Mtoto kaingia fomu wani, sauti inakwaruza, au binti kaanza kujifungia, na wenzake sasa wana nguvu kuliko wewe. Watafiti Laurence Steinberg na mwenzake Margo Gardner mwaka 2005 waliwachezesha watu gemu la kuendesha gari. Wa miaka 13 mpaka 16 wakicheza peke yao walikuwa waangalifu kiasi, wenzao wakisimama pembeni wanaangalia, walijihatarisha zaidi sana. Watu wazima kuwepo kwa wenzao hakukuwabadilisha hivyo. Yule kijana aliyepanda bodaboda mshikaki watu wanne kutoka Kiboriloni anajua kabisa ni hatari, ukimuuliza peke yake atakueleza vizuri kuliko wewe, ila pale kijiweni macho ya wenzake yana uzito kuliko lami. Kumwambia "huna akili" hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwajua hao wenzake kwa sura, waje nyumbani, wale ndizi zako, wakuamkie. Nyumba yenye chakula na isiyofokafoka inakuwa kijiwe, na kijiwe kikiwa kwako unaona mengi.

Pangeni naye neno la siri. Sisi letu, akinipigia akisema "mama dawa yangu ya kifua iko wapi" najua amekwama sehemu, namwambia rudi nyumbani sasa hivi, kwa sauti ya ukali ili apate sababu mbele ya wenzake. Akirudi usiku huo simuulizi. Kesho kwenye chai tunaongea.

Kuhusu mazungumzo, Lawrence Kohlberg mwaka 1958 kule Chicago aliwahoji wavulana 72 wa miaka 10, 13 na 16. Aliwapa kisa cha mume ambaye mke wake anakufa kwa kansa, dawa ipo ila mwenye dawa anaiuza mara kumi ya gharama, mume kachangisha kapata nusu tu, anavunja duka anaiba. Alitakiwa afanye hivyo? Kohlberg hakujali sana ndiyo au hapana, aliangalia sababu. Wadogo: asiibe, atafungwa. Wanaofuata: aibe, mume mwema anamtetea mke, au asiibe, sheria ni sheria. Wachache kabisa walifika mbali zaidi, wakapima uhai na mali. Mwanasaikolojia mwenzake Carol Gilligan 1982 akaja kulalamika kwamba kuhoji wavulana tu kunaacha nje namna nyingine ya kufikiri, ya kujali nani atabaki ameumia, na mimi namuunga mkono kabisa, mnakumbuka yule bibi wa mfongo.

Unakitumiaje nyumbani? Chukua kisa cha mtaani kwenu kila wiki, chakula cha usiku, simu zikiwa chini. Rafiki yako anakuomba umwangalizie kwenye mtihani na mama yake ndio kalazwa hakusoma. Umetumiwa hela kimakosa kwenye simu na wewe huna ada. Picha ya binti wa darasani inazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Uliza "ungefanyaje" na "kwa nini," halafu we usitoe jibu. Hapa nasisitiza, usitoe jibu, ukitoa jibu mazungumzo yanakufa na wiki ijayo hawaji mezani. Uliza swali moja zaidi: na yule mwingine angejisikiaje? Kwenye ile ya picha kijana wangu alisema "mimi siisambazi, nafuta." Dada yake wa miaka 13 akamuuliza, "na aliyekutumia umemwambia nini?" Akanyamaza. Nilitamani kusema kitu nikajizuia, nikaongeza mchuzi.

Tena hapo kwenye mabinti na wavulana tuache upendeleo. Binti anafundishwa aibu, kujitunza, kurudi mapema. Mvulana tunasema atajua mwenyewe. Kinachotakiwa kwa binti na kwa mvulana kinatakiwa: kuheshimu mwili wa mwenzie, kusema nimekosa, kupika, kulea mdogo wake. Kipaimara wanafundishwa pamoja, nyumbani tunawatenganisha.

Kubeti nako, kama ana miaka chini ya 18 haruhusiwi, muonyeshe hesabu badala ya kufoka, kaeni na daftari mwezi mmoja aandike alichoweka na alichopata.

Sheria za nyumba sasa zijadiliwe, kama wale wa gololi wa miaka 10. Ziwe chache, sisi tunazo tano, na wao walipunguza moja ya simu wakaongeza yao, kwamba baba asifungue mlango bila kubisha. Akaikubali.

Hatua ya 5: lini utafute msaada

Mengi yanapita. Ila kuna ambayo usisubiri: anatesa wanyama au wadogo na anafurahia, anaiba mfululizo hata baada ya kulipa na kusamehewa, anatoroka nyumbani, au mtoto aliyekuwa mchangamfu ghafla amekuwa kimya, anaogopa mtu fulani, anakojoa kitandani wakati alishaacha. Hiyo ya mwisho hasa, kabla hujamwita mkorofi muulize taratibu kama kuna mtu anamuumiza, na umwamini. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Na kuna namba ya watoto ya taifa, 116, kupiga ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mimi nimeibandika jikoni, pembeni ya ile karatasi ya zamu.